Kijiji cha Bruda na Matete ya Moiben

Siku nilipoanza kazi tulikuwapo Bruda Donal, mtawa aliyesimamia ujenzi wa misheni, Mzee Sang, mkata matete, Mama Wanjiru wa duka, aliyenileta na kunisemea, mimi Selina, na wadogo zangu watatu, Kiptoo, Jepkoech na Kibet, waliokaa pembeni wakingoja kujua kama wangekula. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, nami nilikuwa nimeachia shule darasa la sita.

Misheni ilikuwa upande wa Moiben. Bruda alizaliwa Ireland, katika kijiji cha kale chenye barabara moja, daraja la mawe, magofu ya nyumba ya watawa, na nyumba nyeupe zilizoezekwa kwa nyasi. Watu walitoka mbali kwenda kukitazama tu. Alikikumbuka sana, akajenga mfano wake huku kwetu: nyumba nne kwa safu, na mnara mwembamba wa mviringo wa kuning'iniza kengele.

Alitaka mtu mwepesi wa kuezeka. Mzee Sang akacheka. "Msichana juu ya paa? Kwetu hiyo ni mwiko. Mvua itakataa kunyesha."

"Basi panda wewe, Mzee," Bruda akamwambia.

Mzee aliangalia magoti yake, kisha akanishikia ngazi.

Matete tuliyakata kiangazi, kwenye kinamasi chini ya misheni, yakiwa yamepukutisha majani. Nilianzia ukingoni mwa paa nikipanda, kila safu ikifunika kichwa cha ile ya chini. Yalishikwa na skolopi, yaani vijiti vibichi vilivyosokotwa na kukunjwa kama pini ya nywele. Bruda alipitisha kiganja juu ya kazi yangu. "Maji hayapendi kufikiri," alisema. "Yaonyeshe njia."

Bruda aliporudi kwao, akaja mtawa tuliyemwita Sista Meneja, akafanya nyumba zile kuwa za wageni. Jumapili magari yalijaa kutoka Elgon View, mtaa wa matajiri wa mjini, nami nikishuka ngazi nilifunga leso safi na kuwatembeza watu mnarani. Kazi hiyo ilimsomesha Jepkoech, akawa mwalimu kule Turbo. Iliwanunulia Kiptoo na Kibet shamba, lile lililopakana na kinamasi.

Wakachimba mitaro kukausha kinamasi. Maji yakaondoka, wakapanda mahindi. Nilipofika na mundu wangu kiangazi kilichofuata, sikukuta tete hata moja. Nilimwomba Kiptoo aniachie kipande kidogo.

"Dada, niko na watoto sita," alisema. "Wanakula mahindi. Matete hawali."

Nilipanda paa ili yeye ale. Ningemwambiaje asilishe wake?

Tulijaribu mabua ya ngano, lakini kombaini, ile mashine ya kuvunia, huyavunjavunja, na mvua za pili ziliyakuta yameoza. Bwana Meneja, aliyeshika nafasi ya Sista na kuwa mkubwa wangu wa mwisho, akaezeka mabati. Aliniambia hata yeye inamuuma, lakini wageni wanalowa. Wageni wenyewe walisimama uani wakiulizana walifuata nini, kwani mabati hata kwao yapo. Wakaacha kuja. Leo nyumba mbili ni stoo za viazi.

Kabla sijastaafu alitutembelea mpwa wa Bruda. Nilimuuliza habari za kijiji chao. Akasema nyumba bado zina nyasi, sheria inazilinda, na vijana wanajifunza kuezeka. Nilifurahi kwa muda mfupi tu. Chakula cha siku ile sikukigusa, nikiwaza mabati yetu.

Zamani zile, Bruda alipokuwa akifunga mizigo yake kurudi kwao, nilimuuliza nimlipe nini kwa ufundi alionipa. Akasema yeye alifundishwa na baba yake bure. "Usinilipe mimi. Fundisha mtu mmoja, hapo tutakuwa tumemalizana."

Jepkoech amekuja mara mbili kuniomba nimfundishe, maana naye anakaribia kustaafu. Tunakaa nje tunanywa chai, namweleza kwa maneno, anaitikia kwa kichwa, na wote wawili tunajua kwamba hayo si mafunzo. Mikono ninayo, na mwanafunzi ninaye. Matete sina. Bruda alishazikwa kwao, nasi hatujamalizana.