Bwana Mkubwa Agomea Peleti

Marehemu hakumwachia mkewe, fundi cherehani, mali ya kugombaniwa. Alimwachia chiriku mmoja wa manjano, na huyo huyo akagombaniwa. Wifi mtu, dada wa marehemu, alitaka ndege aende kwake kwa kuwa eti ni "damu yetu." Fundi akauliza damu gani, na yeye ana manyoya. Mwisho wakapatana: ndege abaki kwenye chumba cha kushonea, wifi aje kumwona apendapo. Akapenda kila siku.

Bwana Mkubwa, ndivyo walivyomwita, alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na tangu msiba nyumba ile haikuwa na sauti nyingine ya kiume. Kwa hiyo alipoacha kuimba, akawa anakaa tu kijitini amevimba, fundi alifunga duka akambeba hadi kwa daktari wa wanyama.

Daktari alipuliza manyoya ya tumbo, akatikisa kichwa. "Mama, huyu amejaa mafuta. Ini limeelemewa. Unampa nini?"

"Mbegu. Anazipenda kweli."

"Ndizo zinazomuua. Mhamishie kwenye peleti, hizi punje za kiwandani. Lakini pole pole, changanya na mbegu, upunguze mbegu kidogo kidogo. Usimkatie ghafla. Ndege mdogo hivi akilala njaa, anaweza asiamke."

Fundi akarudi na mfuko wa peleti na roho mkononi. Akachanganya. Bwana Mkubwa akaokota mbegu moja moja kwa adabu, na peleti akazirusha nje bila adabu yoyote. Moja ilimwingia kifuani bibi harusi mtarajiwa akiwa anapimwa gauni. Fundi akazilowesha, akazisaga, akafika hata kuzitafuna mwenyewe mbele ya tundu akisema, "Mmh, tamu!" Uongo mtupu, maana zilikuwa na ladha ya boksi.

Siku zikapita, mbegu zikipungua bakulini, na ndege hakuonekana kudhoofu. Fundi akajipongeza kimoyomoyo. Kisha wifi akaleta koti lake lipanuliwe. Fundi, kama anavyofanya kwa kila nguo, akageuza mifuko nje kabla ya kufumua. Mbegu zikamwagika mezani.

"Wifi! Kumbe unamlisha kwa siri?"

"Namlisha, ndiyo! Ulitaka afe? Nimemkuta analitazama bakuli lako kama limemtukana."

"Mbegu ndizo zinazomuua!"

"Na njaa inamponya?"

Wakarushiana maneno mpaka mteja aliyefuata suruali akaondoka bila suruali. Halafu ghafla wifi akakaa juu ya rundo la vitambaa, akajifuta macho kwa mkono wa lile koti.

"Huyu akifa," akasema, "nitakuja hapa kufuata nini?"

Fundi akazikusanya mbegu mezani. Swali hilo lilikuwa likimnyima usingizi na yeye.

Wakakubaliana kujaribu pamoja, mbele ya macho yao wote wawili. Wakafunga mlango na dirisha, wakamfungulia tundu. Meza ilikuwa imefunikwa kwa vitambaa, sahani haikuonekana, basi wifi akachukua kile kioo cha kuwaonyesha wateja migongo yao, akakilaza na kuumwaga juu yake unga wa peleti.

Bwana Mkubwa akatua pembeni, akachungulia. Chini yake akamwona chiriku mwingine, wa manjano vile vile, kasimama kwenye chakula. Akatuna. Yule naye akatuna. Akamkaripia, yule hakuondoka. Bwana Mkubwa akainama kuokota, na mwenzake akainama! Hapo ndipo uzalendo ulipomshinda. Akazila zile peleti kwa hasira, harakaharaka, asije akaachiwa makombo.

"Mwone," wifi akanong'ona. "Kaka yangu mtupu! Chakula hakitaki mpaka aone wewe umeshika kijiko."

Fundi akacheka. Akacheka mpaka akashika meza, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Na changu alikuwa anakimaliza," akasema.

Waliketi wakimtazama ndege mpaka aliposhiba.

"Kesho nije tena?" wifi akauliza.

"Njoo. Bado hajapona."

"Na akipona?"

Fundi akamgeukia. "Akipona? Kwani mimi si mtu wa kuja kuonwa?"