Apika Wali Usioliwa na Mtu

Saa moja asubuhi sufuria iko mekoni na wali unakaribia kuiva. Mpishi anafunua, anabinya punje moja kwa vidole, anafunika tena. Watoto wake wawili wanapita jikoni wakienda shule. Hakuna anayeomba. Wanajua wali huo si wao.

"Nyumba hii kuvu inakula wali, sisi tunakula viazi," anasema mkewe mlangoni.

"Viazi vina afya, mama watoto."

"Basi na hiyo kuvu ipe viazi."

Majirani wanamwita Mpishi kwa sababu alipika shuleni miaka kumi na tano. Siku hizi anaotesha kuvu inayoua kiduha, gugu lenye maua ya zambarau, zuri ukilitazama kwa mbali. Chini ya ardhi ni mwizi. Linang'ang'ania mizizi ya mahindi na kuinyonya. Ekari iliyokuwa ikitoa magunia kumi na mawili sasa inatoa matatu. Kung'oa hakusaidii sana, maana likichomoza limekwishakula.

Kuvu inatoka kituo cha utafiti ikiwa imekaushwa kwenye vijiti vidogo, kama vya kuchokolea meno. Mpishi anavichomeka kwenye wali uliopoa, anafunika, anasubiri siku tatu. Wali ukivaa utando mweupe, wakulima wanakuja na vibakuli. Kila shimo la mahindi linapata mbegu na wali kidogo wa kushika kwa ncha za vidole. Kuvu inashambulia kiduha, mahindi haiyagusi.

Msimu uliopita aliharibu. Wakulima ishirini na wawili walichukua wali wake, na kiduha kikachanua kama kawaida.

"Mimi mpishi, bwana. Maisha yangu yote wali unapakuliwa ukiwa moto," anasema. "Nikachomeka vijiti mvuke bado unatoka. Nikaiua kuvu kwa mikono yangu. Kilichoota baadaye kilikuwa cha kijani. Nikasema, ah, ukungu ni ukungu."

Alipoelezwa kosa lake kituoni, alizunguka nyumba zote ishirini na mbili kukiri. Watatu walimsamehe. Waliobaki walisema hawataki tena wali wake, na mmoja akamwambia arudi akawapikie watoto wa watu.

Aliyemkalia kooni zaidi ni mama mkwe wake. Alimpa nusu ya ekari yake ajaribu tena, kwa sharti moja.

"Kiduha kikitoka kama mwaka jana, shamba namkodisha mfyatua matofali," alimwambia. "Achimbe mpaka achoke. Udongo ukishachomwa matofali, haurudi kuwa shamba."

Leo ni wiki ya kumi tangu wapande, na mama mkwe amesema leo ndiyo siku ya kuhesabu kiduha kilichoota. Anatangulia yeye, sketi ameikunja, fimbo mkononi. Kwenye nusu isiyotiwa wali wanafika mia mbili, wanaacha. Wanaingia nusu ya pili. Mama mkwe anapekua kila mstari kwa fimbo, anainama, anaendelea. Mwisho wa shamba anasimama.

"Kumi na moja," anasema. Anang'oa kimoja kilichokauka na kuwa cheusi. "Hiki kimeuawa na nini?"

"Na wali, mama."

"Kumbe mkwe wangu mpishi wa hatari hivi!"

Anatoa simu palepale, kati ya mahindi. "Baba matofali? Tafuta pengine. Hapa hapachimbwi."

Mpishi anachuchumaa, anacheka peke yake, anafuta uso kwa shati.

Hajipi moyo kupita kiasi. Anasema mbegu za kiduha hulala ardhini miaka mingi, na msimu mmoja hautoshi. Tena yeye na sufuria moja hawezi kulisha mtaa mzima. Anachotaka ni kuwafundisha wale kumi na tisa waliomkataa, kila nyumba ijipikie wali wake kabla ya mvua zijazo.

"Waje hapa kwanza waone kwa macho yao," anasema.

"Watakuja, nitawaita mimi," anadakia mama mkwe. "Ila darasa la kwanza ni jikoni kwangu. Na sufuria utaosha wewe, mwalimu."