Zamu wa Jumba la Nguba

Zamu, mlinzi wa jumba, Nsimire na mumewe walimkuta pamoja na nyumba, mwaka ule mume huyo alipoacha tai akavaa abakosi, koti lisilo na tai la watu wa serikali mpya, akapewa jumba la Wabelgiji linalotazama ziwa kule Nguba, lenye kuta zilizopinda na madirisha ya duara kama ya meli. Mlinzi huyo alikuwa mtu wa maneno machache, mikono mipana, kucha nyeupe kama za mtu aliyekoroga chokaa maisha yake yote. Kila alasiri aliingia kufunga madirisha, na mbele ya kila mlango alivua kofia, akagonga, akasema "Pardon" kwa sauti ya kanisani, akangoja. Vyumba vyenyewe vilikuwa vitupu. Nsimire alizoea kucheka.

Siku moja alimuuliza, "Papa, unapigaka odi kwa nani? Bazungu balishaenda."

"Bale balienda, maman. Mi naombaka ruhusa kwa benye balijenga. Bengine balianguka hapa na majiwe ku mabega. Hakuna mutu mwenye alibaambia kazi ilishaisha."

Nsimire alitaka kucheka tena, lakini mzee alikuwa amekwisha kurudi nyuma, mgongo ukutani, kama mtu anayewapisha wenye mizigo. Macho yake yalimsindikiza mmoja, kisha mwingine. Ukumbi ukapoa ghafla, na harufu ya udongo mbichi ikapita usoni mwa Nsimire. Binti yake mdogo alikuwa akicheza sakafuni, katikati ya njia. Nsimire alimnyakua, akajibana naye ukutani kando ya zamu, akangoja wapite.