Mbawa za Jua

Baada ya kumzika baba, mama alikaa ndani karibu mwezi mzima, dirisha limefungwa. Ilikuwa Juni, na kwetu Iyula baridi ya asubuhi huingia hadi mifupani. Kahawa ilikuwa kwenye kichanja uani, nikawa naigeuza peke yangu.

Asubuhi moja jirani yetu, mama mzee wa kanisa, alikuja kumsomea Neno. Alisoma pale nabii anapowaahidi wamchao Mungu kwamba jua la haki litawazukia, lenye uponyaji katika mbawa zake.

Mama akauliza, "Jua nalo lina mbawa?"

"Sijui, dada. Twende nje tukaliangalie."

Nilidhani atakataa. Alijitanda kitenge, akatoka, akaketi kando ya ukuta uliokwisha kupata joto. Alilia kwa muda mrefu, na jirani hakumwambia anyamaze.

"Labda mbawa zake ndizo hili joto," mama alisema baadaye.

Kisha akaja kichanjani, akatia mkono kwenye kahawa. "Hujaigeuza vizuri. Ya chini bado mbichi."

Sijawahi kufurahia kukaripiwa kama siku ile.