Inama, Mzee

Mume wangu alipotoka hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Kiharusi kilimpata Emali, akisubiri lori lake lipakiwe vitunguu. Mtu aliyezoea kuendesha hadi Loitokitok na kurudi bila kupumzika akaletwa nyumbani Kitui amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kuazima. Daktari wa mazoezi alituambia jambo moja tu, tena kwa ukali: atembee kila asubuhi, mahali tambarare, na miezi hii ya kwanza isipotee. Asipotembea sasa, mguu utazoea kukaa.

Anayeujua mtaa wetu atacheka akisikia habari ya mahali tambarare. Barabara yetu ni mawe na mitaro, na uwanja wa nyumba unaishia pale kamba ya nguo inapoanzia. Kwa hiyo tukawa tunaenda kwenye bustani ya umma, yenye njia ya saruji inayozunguka nyasi. Tulifika mapema, kabla sijafungua kibanda changu cha kushona, yeye akiwa na mkongojo mkono wa kushoto, mimi nikiwa upande ule uliolala. Shida ilikuwa mbwa.

Nimweleze asiyekaa mji huu. Mbwa wa hapa hulinda usiku, na kukipambazuka lango hufunguliwa ili aende akamalize haja zake kwa watu wengine, ploti ibaki safi. Wengine huja na wenyewe, vijana wanaokimbia wameziba masikio kwa muziki, kamba ya mbwa ikining'inia shingoni mwao badala ya shingoni mwa mbwa. Langoni pameandikwa kwamba mbwa wafungwe, na nguzo ya hilo bango ndiyo mbwa wa kwanza kufika huinulia mguu. Nilimwuliza askari wa bustani, akaniambia kazi yake ni kuzuia watu wasikanyage maua.

"Sasa mama, hii mbwa nitaishika niipeleke wapi? Haina hata kitambulisho."

Sisi Wakamba tunaijua dawa ya mbwa, tumeijua kabla ya kujua kusoma. Mbwa akikujia, unainama. Si lazima jiwe liwepo. Ukiinama tu na kugusa chini, mbwa yeyote aliyezaliwa Ukambani anageuka na kwenda zake. Ndivyo tulivyofika shuleni sote. Hakuna aliyetufundisha cha kufanya kama huwezi kuinama.

Mume wangu hakuweza. Akiinama, anaanguka. Tena ule mkongojo uliwachokoza, walidhani ni fimbo ya kuwapigia. Basi nikawa nainama mimi. Nainama, nainuka, nainama tena, kama mtu anayeokota ndengu zilizomwagika, mgongo unauma, magoti yanalia, na siku ya kazi bado haijaanza. Nilichoka. Nilichoka kuinama, nikachoka zaidi kusikia, "Haiumi hiyo, mum. Inacheza tu." Kila mwenye mbwa alisema hivyo. Ukiwasikiliza wenyewe, mji mzima hauna hata mbwa mmoja anayeuma.

Na alikuwa anaendelea vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Mguu ulikuwa umeanza kuinuka wenyewe badala ya kuburutwa. Siku moja alizunguka nyasi zote bila kunishika, akaketi kwenye benchi akitweta, akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Alisema kabla mwaka haujaisha ataingia kanisani kwa miguu yake, na watu wanaompa pole watafute kazi nyingine. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba.

Asubuhi aliyoanguka, walikuja mbwa wawili, kutoka pande mbili. Nikamwinamia mmoja, mweusi, akakimbia. Wa pili, mkubwa wa rangi ya udongo, akaja upande wa mkongojo. Huyo alikuwa wa msichana mmoja tunayesali naye, na mwenyewe alikuwa kule mbali akijipiga picha. Watu waliokaa kwenye mabenchi wakaanza kupiga kelele, kwa nia njema kabisa.

"Inama, mzee! Inama! Okota jiwe!"

Akainama. Tangu utotoni ameambiwa mwanaume hakimbii mbwa, na sasa watu wote walikuwa wakimtazama. Nilimwona akienda chini polepole, halafu haraka. Aliuangukia ule mkono usio na nguvu za kumzuia, shavu likagonga saruji. Mbwa alisimama, akainusa kofia yake, akaondoka.

Watu wakaja, wakamwinua, wakampangusa. Kila mmoja alitafuta alama za meno, na hawakuziona. "Mungu ni mwema," wakasema, "haijamuuma." Wakatawanyika wameridhika. Kungekuwa na jeraha la meno ningekuwa na kesi ya kumpelekea chifu, lakini mtu ameinama mwenyewe akaanguka, utamshtaki nani? Yule msichana alifika mbio, mkono kifuani.

"Woi, pole mum. Ilikuwa inataka tu kumsalimia."

Hakuvunjika mfupa. Lakini kesho yake nilipomwamsha alisema amechoka. Kesho kutwa akasema ni mgongo. Baada ya hapo aligeukia ukuta tu. Nilibembeleza, nikagomba, nikaenda kufungua kibanda.

Jumapili, baada ya ibada, yule msichana akaja kutuona. Alileta maziwa, mkate na sukari, kama inavyotakiwa. Na nyuma yake, bila kamba, akaja mbwa. Alisema amemfuata tangu nyumbani, hakubali kuachwa. Mbwa akalala mlangoni, kidevu juu ya miguu, mtulivu kuliko wageni wengi niliowahi kuwapokea. Msichana akaomba, sala nzuri na ndefu, akimweka mume wangu mikononi mwa Mungu, nami nimefumbua macho namtazama yule mnyama. Nasema ukweli, msichana alikuwa mwema, mwenye adabu, na nilimchukia hadi amina.

Alipoaga nikamwambia, "Mwanangu, hiyo mbwa uwe unaifunga."

"Mum, ukiifunga inahuzunika," akasema. "Inakataa hata kula. Lazima itembee."

Mume wangu alikuwa kitandani, mlango wa chumba ukiwa wazi. Maneno yake bado yalikuwa mazito, na siku zile hakuwa akiyatumia ovyo.

"Ni kweli," akasema. "Lazima itembee."

Hakuwa anamkejeli. Ningefurahi kama angekuwa anamkejeli. Msichana alitabasamu akaona amesamehewa, akatoka, na mbwa wake akamfuata.

Wiki iliyofuata mdogo wake mume wangu alikuja kutoka Kalamba kutuletea mahindi. Walipokuwa wakinywa chai, mume wangu akamwonyesha viatu vya raba tulivyomnunulia vya kutembelea alipotoka hospitali, akamwambia avijaribu. Vilimtosha. Mdogo wake alinitazama, akisubiri nikatae. Nikaenda kutafuta gazeti la kuvifungia.