Milango ya Jailos

Usiku ule mvua ilinyesha Mbeya mpaka alfajiri, nami nilikaa macho nikisubiri lori la dereva Ahmadi lirudi kutoka ziwa Nyasa. Mwanangu Jailos alikuwa kule ufukweni, akimalizia nyumba ya mapumziko ya mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa. Nyumba za namna ile tulikuwa hatujaziona: veranda pande zote, paa limeshuka chini kama kofia, madirisha membamba ya vibao vinavyogeuzwa kupitisha upepo wa ziwa. Milango yote ilikuwa kazi ya Jailos.

Tangu mdogo alikuwa mtoto wa kuchonga. Nikikosa mwiko jikoni, nilijua nani kaugeuza mkokoteni wa kuchezea. Mzee Matano alimfundisha useremala hapa mjini, akawa fundi wa kujivuna: kati ya mlango wake na fremu haupiti hata wembe. Milango ile aliitengeneza Julai, wakati wa baridi kavu. Alipoondoka kwenda kuipachika, randa yake ya kupunguzia mbao aliiacha chini ya kitanda. Alisema milango yake haina cha kupunguzwa.

"Mama, kazi hii ikinishinda, useremala basi," aliniambia. "Nafuata njia ya baba."

Baba yake alikwenda migodini kusini. Hatukupata tena habari zake.

Ahmadi alifika asubuhi. Hata kushuka garini hakushuka.

"Mama Jailos, milango imevimba. Kule mvua haikatiki. Kila mlango mpaka watu wawili waupige bega."

"Na mwanangu?"

"Kajifungia chumbani tangu jana, kwa hasira. Sasa hata akitaka kutoka, hawezi."

Nilichukua randa na bisibisi, nikapanda lorini, Ahmadi akageuza kurudi ziwani.

Tulikuta vibarua wamekaa verandani wanacheka.

"Fundi, leo utakula nini? Humo hata harufu ya ndizi haipiti!"

"Leteni shoka!" Jailos alijibu kutoka ndani. "Pasueni! Nikitoka napanda meli, nakwenda zangu migodini."

Nyapara wao alikuwa ameshika shoka tayari. Nikasimama mbele ya mlango.

"Ngoja kidogo, baba."

Nikazunguka dirishani, nikageuza vibao. Alikuwa ameketi sakafuni, magoti kifuani.

"Mama? Nani kakuleta huku?"

"Shika randa yako."

"Siitaki. Nikiupunguza mlango leo, kiangazi utaacha ufa. Watasema kazi ya Jailos ina nyufa."

"Waseme. Huo ufa nitakuja kuutazama, na wewe nitakuona. Migodini nitakuja kuona nini?"

Nikapitisha randa kati ya vibao, nikaishikilia hapo. Upepo wa ziwa ulinirushia mvua shingoni. Nilimsikia yule nyapara akikohoa nyuma yangu, nikaogopa kugeuka.

Jailos akainuka. Akaipokea randa, akaiweka chini.

"Na bisibisi," nikamwambia, nikampitishia.

Tukasikia anagonga pini za bawaba, moja baada ya nyingine. Kibarua mmoja akaanza kucheka, mwenzake akampiga kiwiko. Mlango ukatikisika, ukalia, kisha upande wa bawaba ukaachia. Jailos akatoka ameukumbatia kama anayebeba mgonjwa. Hakunitazama. Aliulaza verandani, akarudi kuchukua randa, akapiga magoti na kuanza kuupunguza ukingo.

Nyapara akalirudisha shoka stoo.