Mpira Mweusi Chini ya Mivinje

Madam alitaka msitu. Si bustani, si miti miwili mitatu kando ya barabara. Msitu. "Wa baridi," akaniambia, "wenye majani yaliyoanguka. Mtu akiona picha ahisi meno yanamgongana." Tulikuwa Doha, mwezi wa tisa, na ukitoka dukani kwenda kituo cha basi miwani ilikuchoma masikio. Nikasema, "Sawa, Madam." Ningesema nini?

Duka lake lilikuwa The Pearl, kile kisiwa kilichotengenezwa na watu, na liliuza makoti ya sufu, skafu na buti kwa wanawake waliokwenda Ulaya likizo ya baridi. Mimi niliajiriwa kupiga nguo pasi ya mvuke, basi. Baadaye nikaanza kuvalisha masanamu ya dirishani, kwa sababu aliyekuwa akiyavalisha alirudi kwao, na aliyepewa kazi ile akaweka sweta ya kijani juu ya suruali ya zambarau. Haki ya nani, kuna vitu macho yangu hayavumilii. Nikabadilisha bila kuulizwa. Madam akaingia, akasimama, akauliza nani kafanya hivi. Nikajua leo ndiyo leo, nafutwa. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yangu mpya, na ya pasi nikaendelea nayo vilevile.

Dirisha lile ndilo lililoniletea bahati. Mwanamke mmoja mwenye studio ya picha kule Lusail alipita, akaangalia, akaingia kuuliza ni kazi ya nani. Alikuwa akitafuta mtu wa kuchagua mavazi na kuwavalisha wanamitindo. Kazi yenyewe, yenye jina, si ya kuitwa "wewe, njoo". Lakini miaka ile huko hukuhama mwajiri bila barua ya kukuachilia kutoka kwa kafili wako, yule aliyekuleta. Bila barua unarudi kwenu, na kurudi tena kufanya kazi ni mpaka ipite miaka miwili. Yule wa Lusail alisema atanisubiri mwaka uishe, si zaidi.

Nikamwendea Madam kuomba barua. Hakuinua uso kwenye simu yake. "Nifanyie kwanza picha za baridi, habibti. Zikitoka vizuri tutaongea habari ya barua. Inshallah."

Inshallah ya Madam niliijua. Kuna ya Mungu na kuna ya kumwondoa mtu mlangoni. Lakini nilikuwa na nini kingine cha kushika? Nikaishika hiyohiyo.

Dereva wa duka alikuwa Mganda, mtu mzima, mwimbaji wa kwaya, na mimi aliniita nyabo kama wanavyowaita wanawake kwao. "Nyabo, msitu hapa? Jua limekupanda kichwani." Akanizungusha hata hivyo. Tulienda bustani moja ya mjini, nyasi kijani, familia zinachoma nyama, mitende kila upande. Koti la sufu chini ya mtende? Hapana, wacha. Tukaenda kwenye mikoko kule juu kaskazini, pazuri kweli, lakini matope yalinivua kiatu nikarudi garini na kandambili moja. Siku ya tatu akanipeleka shamba la mjomba wake Madam, mahali pa mbuzi na nyanya, na huko nyuma, kuzuia upepo wa mchanga, walikuwa wamepanda mivinje. Miti mirefu, myeusimyeusi, na chini yake majani makavu kama sindano yamejaa mpaka huoni udongo.

Mimi ni wa Limuru. Nyumba yetu imepakana na msitu wa saiprasi, na baridi naijua vizuri, naichukia. Nilitoka kwetu nikikimbia ukungu, matope na sweta isiyokauka kwenye kamba. Sasa nilisimama jangwani, upepo unapita juu ya ile mivinje, na sauti ilikuwa ya kwetu kabisa. Nililia. Dereva akajifanya anapiga simu.

Nilipofuta macho ndipo nikaona ile mipira. Doha hakuna mti unaojiotea. Kila mti ulikuwa na mpira mweusi wa maji umelala miguuni pake, unaudondoshea tone tone mchana kutwa, na mipira yote ilikwenda sambamba mpaka kwenye tangi. Ukiuona mpira, msitu umekufa. Unajua mara moja uko wapi.

Nilijiandaa vile sijawahi kujiandaa kwa mtihani wowote. Nilichagua makoti ya rangi ya kahawia na kijivu, na skafu moja tu nyekundu, kwa sababu kule kwetu kitu chekundu kwenye ukungu unakiona kabla hujamwona aliyekivaa. Nilibandika selotepu kwenye soli za buti zisichubuke, maana baada ya picha zilikuwa zinarudi kwenye rafu kuuzwa. Nilinunua pedi, zile za mwezi, nikazibandika ndani ya makwapa ya makoti yote zinyonye jasho. Mpiga picha, Mfilipino mpole, alipoona akacheka mpaka akakaa chini. Cheka tu, nikamwambia, koti likitoka na ramani ya jasho utalilipa wewe.

Dereva ndiye aliyenikata maini. Tulikuwa tunapakia henga za nguo garini, akasema kwa sauti ya chini, "Nyabo, nikuambie kitu. Haribu kidogo."

"Niharibu nini?"

"Hizo picha. Ukifanya vizuri sana, huyu mama atakuachia kwa nini?"

Nilimkasirikia siku nzima. Nilimkasirikia kwa sababu nilimwelewa.

Siku yenyewe tulifika shambani kukipambazuka, kabla jua halijaanza ubaya wake. Mwanamitindo alikuwa msichana mrefu kutoka nchi ya theluji, na nilimwekea mifuko ya barafu mgongoni chini ya koti, nikamfungia na skafu. Akaniambia kwao koti kama lile watu huvaa kwenda benki, hakuna anayelivaa msituni. "Leo kuna benki humu ndani," nikamjibu, akacheka, na kile kicheko mpiga picha akakinasa. Nikamwambia ainue mabega, afiche mikono ndani ya mikono ya koti, aangalie chini kama mtu anayehesabu hatua za kufika nyumbani. Ndivyo tulivyokuwa tukienda shule.

Mpiga picha akaniita nitazame kwenye kamera. Ee Mungu wangu. Mwanga ulikuwa umeingia kwa ubavu, vumbi la shamba limepanda kati ya miti, na lile vumbi, nakuapia, lilikuwa ukungu. Skafu nyekundu katikati. Ilikuwa Limuru. Na chini, kona ya kulia, mpira mweusi.

"Uondoe," akasema. "Kuufuta kwenye kompyuta itanichukua wiki, na Madam hatalipa."

Nikapiga magoti pale. Nilijua ninachoshika. Nikiuacha ule mpira, picha ni ya shamba la nyanya, Madam atanuna, atasema mimi si kitu, na mtu ambaye si kitu huachiliwa kirahisi. Nilimwona dereva kule kwenye gari, amekunja mikono, ananitazama. Lakini ile picha nilikuwa nimeshaiona. Nilitaka iwepo duniani. Sikuwa na kitu kingine chochote changu katika nchi ile, hata chumba Al Wakrah tulilala wanne. Nikazoa majani makavu kwa mikono yote miwili nikaufunika, mti kwa mti, mpaka kucha zikajaa udongo.

Picha ilitundikwa dirishani, kubwa kuliko mlango. Wateja waliingia wakiuliza ni Uswisi au ni wapi, na Madam akawa anatabasamu tu, hasemi ndiyo, hasemi hapana. Makoti yaliisha. Hata ile skafu nyekundu waliipigania.

Nilingoja wiki moja, nikavaa shati langu jeupe, nikaenda ofisini kwake kuomba barua. Alinyanyuka akanikumbatia. Alikuwa anafurahi kweli, sitamsingizia. "Barua?" akasema. "Habibti, baada ya kazi kama hii? Nani atanifanyia mwaka ujao? Wewe huendi popote." Akasema kama mtu anayenipa zawadi. Halafu akanipa zawadi yenyewe: moja ya yale makoti, la kijivu, ambalo lilikuwa limechubuka mfukoni. Nilisema asante. Nikapanda nalo basi hadi Al Wakrah nimelipakata, watu wananitazama, jasho linanitiririka, na nililia wazi wazi bila kujali nani ananiona.

Mwenye studio wa Lusail alisubiri kama alivyoahidi, mwaka ukaisha, akachukua mtu mwingine. Alinipigia mwenyewe kuniambia. Alisema ameiona ile picha, alisimama dirishani muda mrefu, na ndiyo sababu alikuwa ameendelea kusubiri mpaka siku ya mwisho. Afadhali asingeniambia.

Mwaka uliofuata Madam alitaka msitu tena. Safari hii sikubishana na dereva. Nilibandika selotepu, nilibandika pedi, nikavalisha, lakini majani sikugusa. Sikuwa tena na pa kwenda, ila nilitaka tu aniachie, nifukuzwe hata, nirudi kwenye baridi yangu ninayoichukia. Mpira ulilala pale mbele ya buti za mwanamitindo, mweusi, unang'aa maji, wazi kabisa. Mpiga picha alikuwa mpya, kijana Mhindi mwenye kompyuta ya mapajani. Nikaendelea kumfunga mwanamitindo skafu. Dereva aliona, akatikisa kichwa polepole, akageuka kutazama mbuzi.

Picha ilipokuja dukani, niliikunjua mwenyewe na kuitundika, maana hiyo pia ilikuwa kazi yangu. Nikatafuta mpira. Nikatafuta kona zote, nikasogea mpaka pua ikagusa karatasi. Pale ulipokuwa palikuwa na majani makavu, mazuri kuliko niliyozoa mimi.

"Ule mpira," nikamuuliza yule kijana, ambaye ndiye aliyeileta, "uko wapi?"

"Aa, ule?" akasema. "Niliufuta, sista. Usijali, hata dakika haikufika. Madam hajui kwamba ulisahau."

Nyuma yangu nikasikia viatu vya Madam, halafu mkono wake begani kwangu. "Mwaka ujao," akasema, "tutatafuta mahali penye majimaji kidogo, kama mto."